Mlima Ambao Sikuupanda

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji, mdogo wake mke wangu, kaja gereji leo anacheka peke yake. Kafunga kwenye keria bomba jipya la moshi, fupi, linang'aa, pamoja na machujio mawili ya hewa ya duara, yale ya wazi yasiyofichwa ndani ya boksi. Kayaagiza mbali na kuyasubiri miezi. Yote ni kwa ajili ya pikipiki ya marehemu baba mkwe, silinda mbili, kabureta mbili, chuma cha zamani kisicholalamika. Kila asubuhi shemeji huitumia kusambaza mikate ya tanuri madukani.

"Shemeji, nataka ipumue," akaniambia. "Na nataka mtu akisikia tu, ajue ni mimi napita."

"Mama yako naye akisikia atajua ni wewe unapita."

"Mama niachie mimi. Wewe nifungie."

Dada yangu mdogo, tunayemwita Cheche kwa sababu anachomea vyuma, akapandisha miwani na kusema bomba hilo lina kelele hata kabla halijafungwa. Tukacheka sote.

Nikamweleza shemeji kwamba kufunga ni kazi ya saa moja, kazi yenyewe ni kabureta. Hewa ikiongezeka petroli nayo lazima iongezeke, la sivyo injini inaungua kwa ndani huku nje inaimba. "Ndiyo maana nimekuja kwa Sikio," akasema. Hilo ndilo jina langu hapa mtaani, maana kabureta huwa naziweka sawa kwa kusikiliza. Nitasema ukweli, nililipenda jina hilo likitoka mdomoni mwake.

Jumanne, 4 Machi

Nimefunga bomba. Limekaa vizuri. Mvua kidogo jioni.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua tangu asubuhi, ile ya kupiga mabati mpaka mtu unazungumza kwa vidole.

Nimepandisha sindano za kabureta zote mbili ngazi moja, nimelegeza skrubu za hewa, kisha nikawasha. Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye kabureta ya kulia na mpini wake sikioni, halafu ya kushoto, nikazungusha huku na huku mpaka zikawa zinakwenda pamoja. Ilinguruma vizuri. Ninachosema ni kwamba ilinguruma vizuri ikiwa imesimama, chini ya mabati yanayopigwa na mvua, na bomba jipya linabweka.

Jeti kubwa, vile vitundu vya shaba vinavyopima petroli wakati mtu anavuta mafuta mpaka mwisho, sikubadilisha. Zile za tundu kubwa zaidi zimo kwenye droo. Nilijiambia nitaziweka nikisikia zinahitajika.

Zinahitajika au la, hilo halijulikani pikipiki ikiwa imesimama. Unapanda nayo mlima wa matangi ya maji hapa jirani, mafuta mwisho, katikati ya mlima unakata injini hapo hapo, unafungua plagi na kuisoma. Ikiwa ya kahawia, umepatia. Ikiwa nyeusi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, rudi gereji haraka. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo ninavyowafundisha wengine.

Saa kumi shemeji kapiga simu. "Vipi, umeipandisha?"

Nikatazama nje. Maji yalikuwa yanapita getini kama mto.

"Nimeipandisha," nikasema. "Plagi safi, kahawia kabisa. Njoo kesho."

Hata sijui kwa nini nimeandika haya. Kila fundi anaruka hatua moja siku moja.

Ijumaa, 7 Machi

Kaichukua. Kanikumbatia na mikono yangu yote grisi. Mtaa mzima umemsikia akiondoka.

Jumapili, 9 Machi

Wameanguka.

Mama mkwe alitaka kwenda kumjulia hali dada yake, shemeji akampakia. Ni ule mlima mrefu wa upande wa pili wa mji, barabara imelowa. Karibu na kileleni injini ilikatika ghafla, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, wakateleza mpaka kwenye majani ya kando. Shemeji kachubuka magoti. Mama mkwe kavunjika kifundo cha mkono wa kulia.

Nilimkuta hospitali kakaa kwenye kiti cha magurudumu, mkono umefungwa, kanga ina matope upande mmoja, na bado kakaa wima kama yuko kwake anapokea wageni. Mke wangu alikuwa analia. Shemeji kasimama ukutani.

"Ulikuwa unashindana na nani?" mama alikuwa anamuuliza. "Niambie, ulikuwa unamkimbiza nani?"

"Mama, sikukimbiza mtu. Ilizima tu."

"Ilizima tu! Pikipiki ya baba yako miaka yote hiyo haikuzima tu. Umeifunga tarumbeta ndiyo ikazima tu." Kisha akanigeukia mimi. Sauti ikashuka, ikawa ya heshima. "Mwanangu, wewe ndiye fundi. Injini hufa hivyo kwa sababu gani?"

Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema ukweli. Hata mtoto angejua. Nikajikuta nasema, "Injini ikivutwa sana mlimani, mama, hufa."

Ni kweli. Ukimwuliza fundi yeyote atakwambia ni kweli. Nilichagua neno la kweli ili nifiche uongo ndani yake. Shemeji akaniangalia kidogo, akainamisha kichwa. Wala hakubisha. Alimwamini fundi.

Jumatatu, 10 Machi

Mama mkwe kahamia kwetu mpaka plasta itoke. Hawezi kupika wala kufunga kanga kwa mkono mmoja. Tumempa chumba cha mbele. Kwa adabu anajaribu kutonisumbua, akinisikia nakuja ukumbini anakusanya vitu vyake. Nimemwomba akae tu, nyumba ni yake.

Jumatano, 12 Machi

Nimefungua injini. Nilingoja Cheche aende kununua vyuma kwanza, sijui nilikuwa naogopa nini.

Plagi zote mbili nyeupe kama chaki. Pistoni ya kulia ina tundu katikati, kidole kinapita. Nilikaa kwenye debe nikiwa nimeishika mkononi. Haikuvutwa sana. Ilinyimwa petroli. Hata angempakia mama kwa mwendo wa maiti, mlima ule ungeiua, na kama si Jumapili ile basi Jumatatu na kreti za mikate nyuma.

Cheche aliporudi nilikuwa nimeifunga kwenye tambara. Nikamwambia pistoni imekwama. Hakuuliza.

Jumapili, 16 Machi

Shemeji alikuja kumwona mama yake. Alikaa barazani kuanzia saa nne mpaka saa saba, mama yuko ndani, mlango uko wazi. Mama hasemi naye. Akitaka kumwambia kitu anamwambia mke wangu, "Mwambie mgeni wako chai inapoa." Shemeji anajibu, "Mwambie mama nimekunywa." Wako umbali wa hatua tatu.

Nilitaka kucheka nikashindwa. Nilijifanya natafuta bisibisi kabatini mpaka akaondoka.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Maji yameingia stoo. Shemeji anasambaza mikate kwa baiskeli ya kuazima, nimemwona akipita na nailoni imefunika kreti, yeye mwenyewe hana hata koti.

Ijumaa, 21 Machi

Wageni wamekuja kumpa mama mkwe pole, majirani zake wa zamani, wanawake watatu. Nilikuwa uani nanawa, dirisha liko wazi, nikasikia yote.

"Nilijaliwa mkwe," alikuwa anasema. "Huyu akisema kitu kimekwisha, kimekwisha. Aliifanyia ile pikipiki kazi mpaka akaipandisha mlima kuijaribu, kwa mvua ile! Yule wangu wa tumboni kaiharibu kwa siku mbili."

"Vijana wa siku hizi," mmoja akasema.

"Si kijana yule. Ana miaka thelathini na nne. Ni mjinga tu."

 Nilimwaga maji ya beseni yote kichwani, nikaingia ndani na kuwaamkia wageni kwa macho makavu. Mama mkwe akanitambulisha, "Huyu ndiye mwanangu." Wakanishika mkono mmoja mmoja.

Usiku sikula. Nilisema tumbo.

Jumapili, 23 Machi

Leo imekuwa mbaya kuliko zote.

Shemeji hakukaa barazani. Alikuja moja kwa moja gereji, ambako nilikuwa peke yangu, akasimama mbele yangu mikono nyuma, mtu mzima kama mwanafunzi mbele ya mwalimu.

"Shemeji, nimekuja kukuomba msamaha."

"Wa nini?"

"Kazi yako niliiharibu. Nimefikiria sana. Pale mlimani kweli nilivuta. Si kwa kushindana, lakini mama alikuwa mzito nyuma, nikavuta. Ungeniambia nisivute ningekuelewa, ila mimi mwenyewe nilipaswa kujua."

Hebu fikiria. Mtu ametafuta kosa ndani yake usiku kucha, na kwa kuwa hakulipata, akalitengeneza. Na mimi ndiye niliyempa malighafi.

Mdomo niliufungua. Naapa niliufungua. Yakatoka maneno, "Usijali, shemeji. Tutaitengeneza."

"Ahsante," akasema. "Wewe una moyo."

Alipoondoka nilikaa chini sakafuni kati ya vyuma. Mimi nimewahi kuwacheka watu waongo. Nimewahi kumfukuza fundi hapa gereji kwa kumwambia mteja kabadilisha oili na hajabadilisha. Nilimfukuza mbele za watu, nikipiga kelele.

Jumatatu, 24 Machi

Hakuna.

Alhamisi, 27 Machi

Mama mkwe kakata shauri. Kadi ya pikipiki bado iko kwa jina lake, na kasema ikipona tu iuzwe. "Sitaki niamke siku moja niambiwe imemuua." Mke wangu amejaribu kumtetea mdogo wake, kakemewa. Mama akaniuliza mimi, kama mtu wa mwisho wa kuulizwa, "Wewe unaonaje, mwanangu?"

Nilisema, "Ni uamuzi wako, mama."

Ikiuzwa, shemeji hana kazi. Tanuri halitaki mtu wa baiskeli, wameshamwambia mikate inafika imelowa na imechelewa. Na ni pikipiki ya baba yake, ambayo alifundishiwa kuendesha akiwa amekaa juu ya tangi la mafuta, miguu haijafikia kanyagio. Yote haya nayajua. Nikasema ni uamuzi wako, mama.

Jumamosi, 29 Machi

Cheche hana utani na mimi siku hizi. Tangu tufungue gereji hii hapiti asubuhi bila kunichokoza, lakini sasa anafika, anavaa glavu, anachomea, anaondoka. Leo wakati wa chai nilimuuliza nimemkosea nini.

Akamaliza kutafuna kwanza. "Kaka, siku ile ya mvua, ulipompigia shemeji... ulipopigiwa na shemeji. Nilikuwa hapa."

"Najua."

"Uliposema umeipandisha mlimani, mimi nilitazama pikipiki. Tairi zilikuwa kavu."

Nikashika kikombe kwa mikono miwili.

"Nilisema pengine kaka kapanda asubuhi, zikakauka," akaendelea. "Nimejisemea hivyo mpaka nimechoka. Sasa niambie wewe."

Nikainamia chai. Hilo lilimtosha. Akainuka, akakung'uta makombo, akasema, "Mimi sisemi kwa mtu. Si mdomo wangu." Na akarudi kuchomea. Ningependa angenitukana.

Jumatano, 2 Aprili

Pistoni imepatikana, kutoka kwenye pikipiki ya chakavu ya aina hiyo hiyo. Nimesafisha silinda, nimefunga upya. Safari hii nimetoa jeti kubwa kwenye droo. Ni kazi ya dakika kumi. Kutoa bakuli la kabureta, kufungua kitundu kimoja, kufunga kingine, mara mbili. Ningekuwa nimeifanya siku ile, mama mkwe angekuwa kwake anafunga kanga yake mwenyewe.

Sijaipandisha mlimani. Nimeshindwa kuitazama hata barabara yenyewe.

Alhamisi, 3 Aprili

Mnunuzi atakuja Jumamosi. Mvua. Leo pia sikusema.

Jumamosi, 5 Aprili

Nitajaribu kuandika kama ilivyokuwa, bila kujipamba.

Mnunuzi ni mwuza samani, mtu mnene mwenye maneno mengi, alitaka pikipiki ya kukusanyia oda. Mama mkwe aliomba aje gereji naye ashuhudie. Tulimwekea benchi karibu na mlango, mke wangu pembeni yake. Shemeji alikuja bila kuitwa, akaipangusa pikipiki vumbi kwa tambara kuanzia taa mpaka keria, bila haraka. Cheche alizima mashine yake, akabaki na glavu mkononi.

Mnunuzi akaizunguka, akabonyeza kiti, akapiga mateke tairi kama wanavyofanya wasiojua. "Nimesikia injini ilikufa," akasema. "Nani aliiua?"

"Mimi," shemeji akasema. "Niliivuta vibaya. Fundi aliifanya vizuri, kosa ni langu."

Alisema kwa sauti ya kawaida tu. Alitaka mnunuzi asiwe na wasiwasi na kazi yangu. Alikuwa ananilindia jina huku pikipiki ya baba yake inauzwa.

"Siyo yeye," nikasema.

Watu wote wakanigeukia. Nikashika meza.

"Siyo yeye aliyeiua. Ni mimi. Vifaa vile vinaleta hewa nyingi, vinataka petroli nyingi, na mimi petroli sikuongeza vya kutosha. Kuna jaribio la kupanda mlima na kusoma plagi, nilisema nimelifanya. Sikulifanya. Ilikuwa inanyesha, nikaona uvivu. Hata angeiendesha nani, ingekufa."

 Shemeji alikuwa bado ameshika tambara.

"Hukupanda hata nusu?" akaniuliza.

"Sikutoka getini."

Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Na mimi nikaja hapa kukuomba msamaha. Ukaupokea!"

"Niliupokea."

Mke wangu alikuwa kaziba mdomo. Baadaye aliniambia, "Mwezi mzima nimemweka mdogo wangu barazani kama mkosaji, na wewe unapita na kikombe." 

Mama mkwe ndiye aliyesema, na hakusema na mimi. Alimtazama mwanawe, muda mrefu, akamwita kwa jina lake. Ndipo nikatambua kwamba tangu hospitali sikuwahi kumsikia akilitaja. Alimwonyesha nafasi kwenye benchi, upande wa mkono mzima. Shemeji akaenda akakaa. Mama akamwekea mkono gotini, pale palipochubuka, akaanza kulia bila sauti, mwanamke ambaye hakulia alipovunjika mfupa.

Kisha akanigeukia. "Na wewe ulikuwa unakaa nasi mezani," akasema. "Unakula."

"Ndiyo, mama."

 Mnunuzi akakohoa, akasema yeye alikuja kununua pikipiki tu, akatafuta mlango.

Jumapili, 6 Aprili

Nyumbani kila mtu ni mpole kwangu, na hilo ndilo linaloniua. Shemeji kaja, kaingia mpaka chumbani kwa mama yake, nimewasikia wakiongea mpaka adhuhuri. Alipotoka tulipishana mlangoni. "Shikamoo" hakuna, "habari" hakuna. Alinipisha nipite kwanza.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimepeleka mikate asubuhi kwa gari la jirani badala ya shemeji. Hakunikataza. Hakunishukuru pia, na ni sawa.

Jumanne, 15 Aprili

Cheche kaniambia kofia yangu inafanana na kifuniko cha sufuria. Nilikwenda nyuma ya gereji nikajifuta macho.

Alhamisi, 17 Aprili

Jana plasta ilitoka. Mkono umekonda, vidole vinafunguka taratibu. Mama mkwe kasema leo anarudi kwake, na kasema atarudi kwa pikipiki, nyuma ya mwanawe. Mke wangu alimsihi apande gari. "Nilianguka nayo, nitaondoka nayo," akajibu. Habari ya kuuza imekwisha.

Walipofika gereji kwa gari la jirani, yeye, mke wangu na shemeji, mvua ilikuwa imeanza. Nilishawasha pikipiki kabla hawajashuka garini. Sikusema kitu kwa mtu, nikavaa kofia, nikatoka getini. Nilipanda mlima wa matangi mafuta mwisho, maji yananipiga usoni, injini inavuta bila kukohoa, katikati nikabana klachi na kukata. Nikasimama kando ya barabara, nikafungua plagi zote mbili chini ya mvua, nikiwa nimezikinga kwa kifua. Kahawia. Nilizitazama mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Nikazifunga, nikateremka bila kuwasha injini, na mbele yao nikazitoa tena. Nikamnyooshea shemeji. "Zimekubali," nikasema. "Nimepanda."

Akazichukua, akazigeuza kwenye mwanga. Anajua kuzisoma, mimi ndiye niliyemfundisha. Akaitikia kwa kichwa kwamba ziko sawa. Kisha akachukua spana, akazipangusa, akazirudisha mwenyewe moja baada ya nyingine, akavaa kofia yake.

"Unakwenda wapi na mvua hii?" mke wangu akamuuliza.

"Mlimani," akasema. "Nitaisoma mwenyewe kwanza, halafu nimpakie mama."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepata la kujibu. Akatoka, tukamsikia akishika mlima, sauti ikapanda, ikapanda.

Nilikuwa bado nimesimama katikati ya gereji na mkono umenyooka. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi, mfuko wake miguuni, anaukanda ule mkono uliokonda.

"Kaa, fundi," akaniambia. "Tumsubiri mwanangu."

Nikakaa mwisho wa benchi nikiwa nimelowa, tukamsubiri.